Majina ya kashfa tunayajua yote. Sasa niambieni kila moja iliishia wapi

#1 (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiye na bando la kutosha asave asome kesho.

Kila Aprili ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikishatua bungeni, Dar nzima inageuka ofisi ya ukaguzi. Panda daladala ya Gongo la Mboto, kaa saluni Mwananyamala, simama kijiwe cha kahawa Kariakoo: mabilioni yanasomwa kwa sauti, halmashauri fulani imepigwa, shirika fulani limelipa hewa. Wiki mbili hazipiti tumesharudi kwenye Simba na Yanga. Hasira siyo kwamba hatuna. Mtu wa Dar amejifunza kwamba hii ni tamthilia isiyo na sehemu ya mwisho, kwa hiyo anaangalia mwanzo tu.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Wizi unauma, ila kilichoua imani ya watu kwa serikali si wizi peke yake. Ni kwamba kashfa zetu hazifungwi. Mkubwa akijiuzulu tunapiga makofi, tunaona kesi imekwisha, wakati kesi hata haijafunguliwa.

Chukua Richmond. Vijana wa mwaka 2000 kuja juu mnaisikia kama hadithi za babu, kwa hiyo nawakumbusha. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, nchi ikaingia mgao wa umeme mkali, mji huu ukawa unanguruma majenereta kila kona. Serikali ikatafuta umeme wa dharura, megawati 100, mkataba ukaenda kwa kampuni ya Richmond, ambayo kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilikuja kusema haikuwa na uwezo wala sifa ya kazi hiyo. Mitambo ilichelewa mpaka mvua zikanyesha. Februari 2008 ripoti ikasomwa bungeni, na tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, pamoja na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Baraza la mawaziri likavunjwa. Nakumbuka watu walivyosimama mbele ya TV za maduka ya vifaa vya umeme pale Kariakoo, barabara imeziba.

Halafu? Mkataba ulikuwa umeshahamia kampuni nyingine, Dowans. Shirika la umeme TANESCO likauvunja, Dowans wakaenda kwenye usuluhishi wa ICC, chama cha kimataifa cha biashara, na Novemba 2010 TANESCO ikaamriwa ilipe takribani shilingi bilioni 94. Yaani sisi tuliokaa gizani ndio tukaambiwa tuna deni.

Na Lowassa mwenyewe? Hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa Richmond. Alilalamika mapema kwamba kamati haikumhoji, na kusema kweli lalamiko hilo lilikuwa na uzito. Mtu aliyetuhumiwa mbele ya nchi nzima alistahili mahakama, imsafishe au imfunge. Hakupata kimojawapo, na sisi hatukupata. Septemba 2007 Dk. Slaa alisimama Mwembe Yanga, Temeke, akasoma orodha ya watu 11 aliowaita mafisadi, na Lowassa alikuwemo. Miaka minane baadaye, 2015, chama kilekile cha Slaa, CHADEMA, kikamsimamisha Lowassa kugombea urais. Akapata kura milioni sita na ushee. Slaa akajiondoa kwenye siasa za chama chake. Watu wa Temeke waliopiga kelele 2007 ndio hao hao walioimba 2015. Msiwacheke. Hukumu haikuwahi kutolewa, kwa hiyo kila mtu alijitungia ya kwake kulingana na upepo. Mzee ametangulia mbele za haki Februari 2024 na jibu bado hatunalo.

Tuje EPA. Akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, mwaka wa fedha 2005/06, shilingi bilioni 133 zimelipwa kwa makampuni 22. Januari 2008 gavana Daudi Ballali akaondolewa kazini wakati yuko Marekani kwa matibabu, na Mei mwaka huo akafariki huko huko. Kuna kesi zilifika mahakama ya Kisutu na wachache walifungwa, tuwe wakweli. Ila kilichobaki kichwani mwa watu ni kitu kingine: Rais alitangaza wahusika warudishe fedha, mwisho tarehe 31 Oktoba 2008. Wakapewa tarehe! Kibaka wa Manzese akikwapua simu hapewi hata dakika ya kujieleza, anavishwa tairi. Tena tukizungumzia tairi: wengi mnadhani kuchoma vibaka ni ushenzi wa watu wasiosoma. Waulize wanaochoma. Watakwambia, "ukimpeleka kituoni, kesho unamkuta mtaani." Ni ukatili, siutetei hata kidogo. Lakini mtaa unaoamini kwamba polisi na mahakama zina bei hauwezi kumkabidhi mtu kwao kwa amani.

Rada ya kuongozea ndege nitaipita haraka. Ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 28, bei iliyopingwa hata na baadhi ya mawaziri wa Uingereza kwenyewe. Kampuni iliyoiuza, BAE ya Uingereza, ikapigwa faini na mahakama ya Uingereza Desemba 2010 kwa kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, na 2012 tukarudishiwa pauni milioni 29.5, zikaenda kwenye vitabu na madawati. Wabongo tukaiita "chenji ya rada", tukacheka. Mimi sikucheka sana. Kashfa hii iliyoturudishia hela imefika mwisho London, siyo Kisutu. Hapa kwetu tulibaki na neno "vijisenti", alivyoziita waziri Andrew Chenge fedha zake za nje.

Escrow ya Tegeta mnaijua, ya juzi tu. 2014 iliibuka kwamba zaidi ya shilingi bilioni 300 zimetoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu wakati TANESCO na kampuni binafsi ya umeme, IPTL, bado wanabishana hela ni ya nani. PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, chini ya Zitto Kabwe ikafanya kazi yake, wahisani wakazuia fedha za bajeti, Mwanasheria Mkuu Jaji Werema akajiuzulu, Prof. Tibaijuka akaondolewa, Prof. Muhongo akafuata Januari 2015. Mji ukabaki na "hela ya mboga", kauli ya Tibaijuka kuhusu mgao wake. Unaona mtindo? Kila kashfa inatuachia msemo. Hukumu haituachii.

Kuna mara moja tu ambapo Dar iliona mwisho kwa macho. Mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walipatikana na hatia mwaka 2015, matumizi mabaya ya madaraka kwenye msamaha wa kodi wa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu. Baada ya rufaa na muda wa jela, sehemu iliyobaki wakaitumikia nje, wakifanya usafi hospitali ya Sinza Palestina, mwanzoni mwa 2016. Mawaziri, na fagio mkononi, Sinza! Wapo waliosema adhabu ni ndogo, wapo waliowaonea huruma wazee wa watu. Mimi nilichokiona ni kwamba mjadala ulikuwa tofauti kabisa. Hakuna aliyesema "wametolewa kafara" kwa sauti ya uhakika kama kawaida yetu. Kulikuwa na shtaka, ushahidi, utetezi, hukumu, rufaa. Mtu alikuwa na kitu cha kubishania.

Sasa madhara. Watu hupenda kusema ufisadi unakula madawa na madawati, sawa, hilo halina mjadala. Mimi nataka mtazame kitu kingine. Uchaguzi wa 2005 waliojitokeza walikuwa asilimia 72 ya walioandikishwa. 2010, baada ya EPA, Richmond na Rada kupasuka mfululizo, walioandikishwa walikuwa milioni 20 na waliopiga kura milioni 8.6. Chini ya asilimia 43. Najua mtaniambia daftari lilikuwa na marehemu na waliohama. Kweli. Lakini marehemu hawakuzidi kiasi hicho ndani ya miaka mitano. Watu walikaa nyumbani. Hawakuandamana, hawakutukana, walikaa tu nyumbani wakakaanga chapati. Serikali inayoogopa maandamano haijui kuogopa hilo, na hilo ndilo baya zaidi.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja, matusi peleka jukwaa lake.

#2

Mleta mada umeshusha nondo, ila umewatua wananchi mzigo wao. Mimi nimeshiriki kampeni za kura za maoni za chama fulani, wilaya siitaji. Mjumbe anakuuliza kabisa, "mheshimiwa umekuja mikono mitupu?" Mgombea asiye na bahasha hapati hata watu wa kumsikiliza. Mnakumbuka takrima? Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa 2000 ikaruhusu kabisa mgombea kukirimu wapiga kura kwa nia njema. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani, na 2006 Mahakama Kuu ikasema inapingana na Katiba. 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwenye makaratasi tumepona. Uwanjani kanga, sukari na nauli vipo palepale, vimebadilishwa majina tu.

Na mtu aliyeuza kura yake kwa kilo mbili za sukari anadai uwajibikaji kwa mdomo gani? Aliyenunua anajua ameshalipa. Anarudi kutafuta mtaji wake.

#3

Naweka kambi hapa.

#4

#2 sikubaliani. Mwenye njaa na mwenye kiwanda huwezi kuwaweka mzani mmoja. Mama wa Mbagala anachukua kanga ya yule na sukari ya huyu, kisha ndani ya kile chumba anampa kura amtakaye. Anajua miaka mitano ijayo hamwoni mtu, hiyo kanga ndiyo maendeleo yake pekee.

#5

Wakuu, mimi ni mfanyabiashara Kariakoo, niongezee upande wangu maana mleta mada kauacha.

Mashine za risiti za EFD zilikuja 2010. Nenda duka lolote sasa hivi, utasikia bei mbili: ya risiti na ya bila risiti. Mteja ndiye anachagua, na wengi wanachagua bila. Siyo umaskini tu. Nilimwuliza mteja mmoja, mtumishi wa serikali tena, mwenye tai, kwa nini hataki risiti. Akasema, "nilipe asilimia 18 ili nani akajengee?" Mtu anayelipwa mshahara kwa kodi hiyo hiyo!

Halafu anakuja afisa dukani. Anakokotoa, anakwambia unadaiwa milioni kadhaa, anakaa kimya. Ule ukimya kila mfanyabiashara anaujua. Ukitoa "ya maji" hesabu inapungua pale pale. Ndiyo maana Mei 2023 maduka yalifungwa mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kutusikiliza, na Juni 2024 tukafunga tena. Vyombo vya habari viliandika tunagomea kodi. Kodi tungelipa. Kinachotuchosha ni kutojua kipi kati ya nilichotoa ni kodi na kipi ni cha mtu.

Nikiri kitu: nikisikia mtu wa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, anahimiza "toa taarifa", ninaanza kuhesabu watu watakaojua kwamba ni mimi. Mlolongo wa watu wale mimi siuamini.

#6

Mnazunguka mbuyu. Dawa ilikuwa moja na tuliipata 2015. Magufuli aliingia, mwezi haujaisha, makontena 349 yaliyopita bandarini bila kodi yanatajwa hadharani, bosi wa mamlaka ya mapato, TRA, yuko pembeni. Vyeti feki watumishi 9,932 nje kwa mpigo, 2017. Wafanyakazi hewa nje. Ukienda ofisi ya umma saa mbili asubuhi unamkuta mtu mezani na anakuita "mzee karibu". Leo mnaniletea habari za mahakama na rufaa! Mtanzania anaelewa fimbo.

#7 (mleta mada)

Mkuu #6, sikuvunjii heshima, na mimi nilizifurahia zile asubuhi. Nilihudumiwa cheti cha kuzaliwa cha mwanangu bila kuombwa hata mia.

Ila angalia vizuri. Imani ile ilikuwa kwa mtu mmoja. Aprili 2018 ripoti ya CAG Prof. Assad ikazua swali la shilingi trilioni 1.5. Serikali ikatoa maelezo yake bungeni, labda yalitosha, labda hayakutosha, mimi si mhasibu. Ninachojua ni kwamba Januari 2019 Assad akaitwa kwenye kamati ya maadili ya Bunge kwa kusema neno "udhaifu", Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba akawa nje ya ofisi. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kule kulikiuka Katiba. Imesema baada ya miaka mitatu, mtu ameshakwenda zake.

Fimbo haina macho. Anayeruhusiwa kumulika akiondolewa, hata mwenye fimbo safi hajui anampiga nani. Na 2019 hao hao wa fimbo walitoa siku saba kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi warudishe hela watoke. Umeona inavyofanana na ile tarehe ya 2008?

#8

Nimefanya uwakili kiasi pale Kisutu, nieleze kwa nini kesi haziishi, maana wengi mnadhani kuna mtu amekaa anazizima moja moja.

CAG hashtaki. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inamtaka akiona dalili za jinai apeleke kwa vyombo vya uchunguzi. TAKUKURU, chini ya sheria yao ya 2007, wanachunguza, lakini makosa mazito yanahitaji kibali cha DPP, mkurugenzi wa mashtaka, kabla ya kwenda mahakamani. Mkuu wa TAKUKURU, DPP na CAG wote wanateuliwa na mtu mmoja, Rais. Faili linapita mikono mingi, na kila mkono unaweza kulilalia bila kuvunja sheria yoyote. Huhitaji njama. Unahitaji kila mtu amwogope wa juu yake kidogo tu.

Likifika mahakamani, unaanza ule wimbo: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika." Mkiweka na shtaka la kutakatisha fedha, dhamana hakuna. Escrow hiyo hiyo mliyoitaja: washtakiwa wawili walikamatwa Juni 2017, wakakaa rumande miaka minne. 2021 mmoja akatoka baada ya makubaliano na DPP, mwingine DPP akaondoa mashtaka. Ushahidi mkuu haukuwahi kusikilizwa hadharani. Kwa hiyo kama ni wezi, hatukuthibitisha. Kama si wezi, tumewaweka ndani miaka minne bure. Mleta mada kasema kashfa hazifungwi, mimi naongeza kwamba hata mshtakiwa anadhulumiwa hapo. Watu wanasahau upande huo kwa sababu ya hasira.

Makubaliano na DPP siyapingi kabisa kabisa, yapo nchi nyingi. Yafanyike mbele ya hakimu, maelezo ya kosa yasomwe, kiasi kitajwe, kila mtu asikie.

#9

Asante wakili. Hapa ndipo JF (JamiiForums) ya zamani ilipokuwa.

#10

Jamani na mimi mama yenu wa Mbagala mliyekuwa mnanisema hapo juu kwa kanga, nipo.

Kanga nilichukua, kura sisemi.

Ninachotaka kuwaambia wanangu ni hiki. Zamani mtaani kwetu mwenyekiti akipita kuchangisha madawati tulikuwa tunatoa, mwenye elfu tano elfu tano, mwenye mfuko wa saruji anabeba begani. Siku hizi mwenyekiti akigonga tunazima taa. Huyu wa sasa kijana mzuri tu, sijasikia la ajabu juu yake. Ila anakuta nyumba zimeshafungwa na waliomtangulia. Taka zinakaa wiki, hela ya taka tunalipa, anayekusanya hatoi stakabadhi. Ukidai anakwambia "mama una matatizo". Na ile mikopo ya kina mama, asilimia kumi ya halmashauri, kikundi chetu tuliandikishwa tukapiga na picha. Hela tukasikia wamepata kikundi ambacho hata wanachama wake hatuwafahamu hapa mtaani.

#11 (mleta mada)

Shikamoo mama. Hilo la mikopo ndilo nitakalong'ang'ania, kwa sababu lipo karibu na lina karatasi.

Kwa wasiojua: halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. CAG alipiga kelele kuhusu vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, Serikali ikasimamisha utoaji Aprili 2023 ili ibadili utaratibu, na 2024 ikaanza tena. Mapya tumeyasikia. Waliokula ya zamani, kimya. Hakuna aliyetuambia Kinondoni zilirudi ngapi, Temeke zilirudi ngapi, Ilala nani ameshtakiwa.

Richmond imetupita, watu wake wanakufa wazee. Hii siyo ya ikulu. Majina ya vikundi yalipitia kwenye kata, maafisa maendeleo ya jamii wapo, hoja za CAG kuhusu halmashauri zimechapishwa kwenye tovuti ya ofisi yake na mtu yeyote anapakua. Mimi nimeshapakua za Temeke miaka mitatu nyuma, Jumatatu napeleka barua kwa mkurugenzi kuomba majibu ya kila hoja ya mikopo, nitaweka hapa nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakili #8, naomba uniangalizie lugha ya barua. Mama wa #10, nikumbushe jina la kikundi chenu, ila usiliandike hapa.

Nani yuko Ubungo, Kigamboni, Ilala, Kinondoni?

#12

Ubungo mimi. Orodha ya kata yetu ilibandikwa ubaoni kabla ya kusimamishwa, nina picha, imekatika pembeni lakini majina yanasomeka. Vikundi viwili vina mwenyekiti mmoja. Nakuja PM.

#13

Barua weka hapa tuione kwanza, usiende na "naomba tafadhali". Andika siku ngapi unataka ujibiwe.